Samaki Sahani

Wanjeri hakuwa na pesa za mapazia.
Alikuwa anahamia Eldoret, lori limeshawaka,
akanionyesha tangi la kioo sebuleni:
"Chukua hawa. Sita. Tumemalizana."
Nikabeba deni langu kwenye ndoo mbili za rangi,
maji yakinichapa magoti mpaka Langa Langa.

Diskasi. Bapa, duara,
kama sahani zilizosimamishwa zikauke,
wekundu wa tofali, na michirizi ya buluu
iliyopindapinda kama mshono wa mwanagenzi.

Nikawamiminia maji ya bomba.
Maji ya Nakuru, haya haya
yaliyonipaka meno rangi ya strungi
kabla sijajua kuandika jina langu.
Nilidhani: yaliyonilea mimi yatawalea.

Siku ya tatu mmoja akawa mweusi.
Si weusi wa usiku, weusi wa sufuria.
Akaenda pembeni, akageukia ukuta
kama mtoto aliyeadhibiwa,
mapezi kayabana,
choo chake uzi mweupe, mrefu, usiokatika.
Mimi ni fundi cherehani, nazijua nyuzi.
Huu haukuwa wa kushonea.
Nikamzika kwenye sukumawiki. Kisha wa pili.
Kisha wa tatu.
Sukuma ile ilinawiri. Sikuila.

Onyiego wa duka la chakula cha kuku
alinicheka kwanza, ndipo akanieleza:
kwao ni mito laini, ya joto, chini ya miti,
maji yaliyolowekwa majani;
hapa maji ni magumu, yamelamba mawe ya volkeno,
na baridi ya Menengai ikishuka usiku
wanakufa polepole, macho wazi.
"Usikimbilie dawa," akasema. "Wape maji."

Basi nikajifunza mabati.
Mvua ya kwanza ioshe vumbi na mavi ya kunguru,
ya pili ndiyo ya kukinga.
Madumu mawili ya mvua kwa dumu moja la bomba
lililolala wazi usiku kucha, harufu ya dawa itoke.
Joto nalipima kwa kiwiko, kama la kuogeshea mtoto,
kisha kwa kipimajoto, maana kiwiko kinadanganya:
ishirini na tisa.
Kila asubuhi, kabla cherehani haijalia,
nafyonza kwa mpira nusu ya maji
na uchafu wote wa jana.
Nusu. Kila siku. Hata Krismasi.
Moyo wa ng'ombe natoa kwa Birgen buchani,
nauvua mafuta, nauvua mishipa, nasaga,
nagandisha vipande kama vifungo vya shati.
Kikibaki chakula, nimezidisha mimi.

Mama akaja kutoka Dunga
na ngege wawili ndani ya gazeti.
Akakaa mbele ya kioo.
"Wanaitwaje?"
"Samaki sahani."
"Na ugali uko wapi?"
Akacheka hadi akafuta machozi kwa leso.

Usiku huo stima ikapotea.
Kihita kikapoa, mtambo wa hewa ukanyamaza.
Nikalifunika tangi kwa blanketi la mgeni,
nikaelekeza chupa za maji moto majini,
nikasinzia juu ya suruali za shule zisizo na pindo.
Saa kumi nikasikia maji yakianguka.
Mama, na mshumaa, na kikombe:
anateka, anainua juu, anamimina,
anateka, anainua, anamimina,
kama anayepoza chai ya mtu asiyemaliza kuugua.
"Wanahema vibaya," akasema. "Lala."

Watatu wamebaki. Onyiego asema ni wachache,
mnyonge ataonewa, niongeze,
ila wageni wakae kwanza mwezi mzima peke yao.
Bado nafikiria.

Jana nimemkuta Akeyo wangu, miaka mitatu,
amechovya kikombe kwenye pipa la mvua.
Nilitaka kumkemea: maji hayo ni ya samaki!
Akanigeukia, kidevu kinachuruzika,
vijino vya utoto vyeupe kama mchele,
na vile vya kudumu vingali ndani ya ufizi
vikingoja kuona vitapewa maji gani.

Nikanunua pipa la pili.